Pawabenki Niliyoiunda kwa Mikono Yangu

Wanajumuiya wenzangu, na nyie majirani wa nyuma ya soko la Tandika mnaonisimamisha njiani tangu nirudi, nimechoka kuisimulia hii habari nusu nusu. Mmoja namwambia ya India, mwingine anadaka ya Uarabuni, na juzi nimeambiwa na muuza mkaa kwamba eti nilifungwa kwa kubeba bomu. Sikufungwa, na bomu sikubeba. Ila nilichobeba kilikuwa kibaya vya kutosha, tena nilikiunda mwenyewe. Kwa hiyo naandika mara moja, yote, pamoja na yale ambayo mkishayasoma mtanitazama kwa jicho jingine.

Habari za pasipoti, viza na barua za hospitali naziruka. Zilichosha kuzifanya, zitachosha zaidi kuzisoma.

Tandika: kufunga mizigo

Kwa wasiomjua, Mjomba Selestini ni kaka wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, na watu walipomwambia binti atafutiwe cherehani, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi simu nikajifunze. Kazi yake ni kuchonga vinyago. Amechonga mpingo karibu miaka arobaini bila kufunika pua, na vumbi la ule mti limemkaa kifuani. Akipanda ngazi tatu anakaa. Akicheka sana anakohoa mpaka machozi. Daktari wake alituelekeza kwa bingwa wa mapafu huko Chennai, India, na familia ikakubaliana kwamba wa kumsindikiza ni mie, Rufina.

Mjomba anaishi na kimashine cha kupulizia dawa, kidogo kama ngumi. Unamimina dawa, unachomeka bomba la mdomoni, kinatoa mvuke, anavuta. Kila baada ya saa nne. Betri ya ndani ya hicho kimashine ilishakufa, hakifanyi kazi mpaka uchomeke waya kwenye umeme au kwenye pawabenki. Kwa hiyo pawabenki kwetu haikuwa kitu cha kuchajia simu. Ilikuwa pumzi yake.

Nilisoma masharti ya shirika la ndege kwa makini, maana betri ndiyo kazi yangu. Pawabenki ziende kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Kila moja iwe na lebo inayosomeka, yenye kuonyesha ukubwa wake, na isizidi wati-saa mia moja. Mtu mmoja asizidishe mbili.

Moja niliyokuwa nayo ilikuwa ya dukani, nzuri, lebo safi. Ya pili ningeweza kununua. Sikununua, na sababu ni kiburi, sina jina jingine. Nimefungua pawabenki nyingi za madukani, nyingine nimekuta kipande cha chuma ndani kimewekwa ili ziwe nzito. Nikasema siwezi kuweka pumzi ya Mjomba kwenye takataka. Nikachukua betri bapa nne nilizozitoa kwenye tableti mbovu, nikazipima, nikazipiga lehemu, nikazifunga kwa tepu, nikazitia kwenye kasha jeusi la plastiki. Ilifanya kazi vizuri kuliko ile ya dukani. Tatizo lilikuwa lebo. Kitu nilichounda mezani kwangu kitapata wapi lebo?

Nikachukua pawabenki iliyokufa ya mteja, nikaipasha moto lebo yake kwa blowa mpaka gundi ikalainika, nikaibandua taratibu, nikaibandika kwenye kasha langu. Ikakaa vizuri sana. Mjomba alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja ananitazama.

"Hiyo karatasi ndiyo inafanya nini?" akauliza.

"Inawaambia ukubwa wake, Mjomba."

"Na ukubwa wake ndio huo?"

"Karibu na huo."

Nami nikaendelea kufunga begi.

Tandika hadi uwanja wa ndege

Ndege yetu iliondoka saa nne asubuhi, kwa hiyo alfajiri tulikuwa ndani ya bajaji, Mjomba katikati, mke wake Mama Selina upande wa kulia ameshika tasbihi, mie kushoto na begi la mkononi mapajani. Tukafika Jeti, karibu na uwanja. Pale Mama Selina akaniambia, "Rufina, ukiona anaacha kulalamika ndiyo uogope. Akiwa mzima analalamika."

Tukaagana nje. Tulipokabidhi begi kubwa nikadhani kazi ngumu imekwisha. Tulikuwa tumeketi tunasubiri nikasikia jina langu likiitwa kwenye spika. Nikaongozwa chumba cha pembeni, nikakuta begi letu kubwa limelazwa mezani, na mkaguzi, baba mmoja mtaratibu, amesimama kando.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mna pawabenki humu ndani."

"Hapana, baba. Zote ninazo mkononi."

"Fungua tu, mama."

Nikafungua. Chini ya nguo za Mjomba kulikuwa na kopo la korosho zilizobanguliwa, na ndani ya korosho, imefungwa kwenye soksi, ile pawabenki ya dukani. Mama Selina alikuwa ameitoa kwenye begi langu usiku, akaona ni nzito, akanionea huruma.

Yule baba alinifundisha kama mtu anayemfundisha binti yake. Kule chini hakuna mtu, alisema. Ikiwaka moto hakuna wa kuiona. Akaniruhusu kuihamishia begi la mkononi, kisha akaomba kuiona na ile ya pili. Akasoma lebo, akaipindua, akanirudishia. Nilipotoka pale nilitembea haraka kuliko ilivyohitajika.

Angani, mara ya kwanza

Mjomba hakulalamika hata mara moja tulipopaa, nikakumbuka maneno ya mke wake, nikaogopa. Kumbe alikuwa anasali.

Muda wa dawa ulipofika nikachomeka kimashine kwenye pawabenki yangu niliyoiunda. Nilichagua hiyo makusudi. Nilitaka kuiona ikifanya kazi. Ikafanya, Mjomba akavuta mvuke wake wote, midomo ikarudi rangi. Nilipoichomoa ilikuwa na joto. Nikajisemea ni kwa sababu imefanya kazi. Nikairudisha kwenye begi, nikalisukuma begi chini ya kiti cha mbele, pale miguu ya Mjomba ilipokuwa.

Wakaleta chakula, wali na kuku mwenye viungo ambavyo Mjomba hakuvijua. Akala wali, akamtazama kuku, akaniambia, "Huyu kafa kwa ugonjwa gani?" Nikacheka, nikajua yuko sawa. Tukasafiri hivyo saa tano na ushee, miguu yake juu ya lile begi.

Ghuba: mstari wa ukaguzi

Tulishuka jioni mapema kwenye uwanja mkubwa wa ndege wa Ghuba, huko Uarabuni, tubadilishe ndege. Kijana wa Kinepali alikuja na kiti cha magurudumu kumchukua Mjomba. Nikaelewa kwamba tutakwenda pamoja. Yule kijana alielewa kwamba wagonjwa wana mlango wao na wasindikizaji wana wao. Kabla sijajua la kusema, Mjomba alikuwa anasukumwa upande mwingine wa kioo, nami niko kwenye foleni ya ukaguzi nimebaki na begi lenye kimashine, dawa na pawabenki zote mbili.

Mjomba aligeuka akaniona nimebaki. Kwa sauti yote aliyokuwa nayo akaita, "Rufina! Bomba! Usisahau bomba!"

Alimaanisha lile bomba la mdomoni. Lakini watu wa pale hawajui Kiswahili, na mnajua wenyewe neno hilo linasikika vipi kwenye masikio ya mgeni. Mbele yangu mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake. Askari aliyekuwa ameegemea nguzo akaacha kuegemea.

Begi langu halikupita. Wakalitoa pembeni, wakalifungua kitu kimoja kimoja. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye glavu za bluu. Kimashine akakitazama sana, barua ya daktari akaisoma, akatikisa kichwa kukubali. Pawabenki ya dukani akaisoma lebo, akaiweka kando. Kisha akachukua yangu. Akapitisha kidole gumba kwenye lebo, na kona yake ikainuka. Gundi niliyoilainisha kwa moto ilikuwa haijarudi nguvu. Akaibandua kidogo, akaona chini yake kasha tupu.

"Umenunua wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Dukani," nikasema. "Dar es Salaam, dukani."

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote. Alinitazama, akamwita mwenzake. Mwenzake akaja na bisibisi nyembamba, wakaiweka pawabenki mezani chini ya taa, na hapo ndipo nikaiona vizuri.

Mfuniko ulikuwa umeinuka upande mmoja. Asubuhi ile Tandika kasha lilikuwa limekaa sawa, ukucha haupiti. Sasa kulikuwa na mwanya ambao ungeweza kupitisha shilingi. Halafu nikasikia harufu, tamu, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wenzangu, harufu hiyo naijua. Kila fundi simu anaijua. Ni betri iliyovimba na kuanza kuvuja. Ukiitoboa wakati huo, inawaka usoni kwako.

Na yule kijana alikuwa anaingiza ncha ya bisibisi kwenye ule mwanya.

Nikapiga kelele. Kiingereza chote kilinitoka kichwani, likabaki neno moja. "Faya! Noo! Faya! Faya!" Nikanyoosha mkono kumzuia. Sikufika. Askari wawili walinidaka mikono wakaikunja nyuma, shavu langu likalala kwenye meza ya chuma, na watu kwenye foleni wakaanza kukimbia. Mie bado napiga kelele, sasa kwa Kiswahili, "Asiichokonoe! Mwambieni asiichokonoe, itawaka!"

"Ewe dada! Wasema nini? Nambie mimi!"

Sauti ilitoka nyuma, Kiswahili cha Mombasa. Alikuwa mwanamke wa usafi, mfupi, na toroli lake la ndoo. Jina lake Mwanaisha, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mtu ananisikia.

"Ile betri imevimba," nikasema, shavu bado mezani. "Mwambie atoe bisibisi taratibu. Asiibinye. Waiweke kwenye kitu cha chuma, mbali na watu. Dada, nakuomba!"

Akamwambia kwa Kiarabu, haraka, bila kutetemeka. Nilimwona yule kijana akiutoa mkono wake kama mtu anayeutoa kwenye shimo la nyoka. Msimamizi wao, mzee wa makamo mwenye mvi kwenye ndevu, alikuja akainusa hewa, akasema neno moja. Wakaleta sanduku la chuma lenye mchanga chini. Mwenye glavu nene akaiinua kwa koleo, akaishusha ndani. Haijakaa sawa, ikaanza kulia. Sauti ndogo, kama chai inayomwagikia jiko la mkaa. Moshi mweupe ukatoka. Wakafunga kifuniko, na ndani kukapiga kishindo, na moshi ukatoka pembeni mwa kifuniko kwa muda nisioweza kuupima.

Askari waliokuwa wamenishika waliniachia. Sikuinuka. Nilichokuwa naona kichwani ni miguu ya Mjomba, kule ndegeni, juu ya lile begi.

Ghuba: chumba kisicho na dirisha

Walinipeleka chumba kidogo, Mwanaisha akaombwa aje atafsiri. Msimamizi alikaa mbele yangu na ile lebo, ambayo walikuwa wameibandua kabla ya moshi.

Nilitazama saa ukutani. Muda wa dawa ya Mjomba ulikuwa umepita kwa dakika ishirini. Nikasema, "Dada, mwambie kwamba mjomba wangu yuko getini na hicho kimashine ndicho kinachompa pumzi. Wanishike mie. Kimashine kiende."

Mwanaisha akatafsiri. Mzee akajibu.

"Asema kwanza ataka kujua kama kile kimashine nacho umekiunda wewe."

"Hapana! Ni cha hospitali."

"Na ile iliyowaka?"

Nikaitazama ile lebo mbele yake. Mwanaisha akainama karibu yangu. "Dadangu, sikiza. Ukisema urongo, mimi nitatafsiri urongo huo huo. Mimi si wakili wako. Lakini huyu ana akili, na muda wakwisha."

Nikasema yote. Betri za tableti, lehemu, lebo, blowa, na lile duka nililolitaja ambalo halikuwepo. Nililia, lakini si kulia kwa kuomba huruma, machozi yalikuwa yanajitokea tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua kimashine, dawa, bomba, na pawabenki ya dukani, akavikagua kimoja kimoja kwa mikono yake, akampa Mwanaisha, akamwelekeza mlango. Mwanaisha akakimbia. Toroli akaliacha pale pale mlangoni.

Tukabaki mie na yule mzee bila mtu wa kututafsiria. Alinisukumia kikombe cha maji. Tukakaa. Saa ilikuwa inagonga kweli, ile ya mshale. Sijawahi kuchukia saa namna ile.

Aliporudi, Mwanaisha alikuwa anahema. "Yuwavuta," akasema. "Nimemkuta midomo kama majivu, kijana wa kiti amemshika mgongo. Nimechomeka. Yuwavuta sasa. Yuwauliza wewe wapi."

Ndege yetu ilikuwa imeondoka. Walimkataa Mjomba mlangoni kwa sababu ya hali yake, naye alikuwa ameshakataa kupanda bila mie.

Mzee aliniuliza maswali mengine machache, nikasaini karatasi. La mwisho aliuliza kama nimewahi kuunda nyingine.

Nikahesabu kichwani. "Tisa," nikasema. "Nimewauzia watu."

Mwanaisha alinitazama kabla ya kutafsiri. Mzee akasema maneno marefu kidogo, na akayatafsiri hivi: "Asema hasemi wewe ni fundi mbaya. Asema ile lebo si pambo. Moto ukianza juu angani, wale wahudumu waisoma wajue wana moto wa ukubwa gani. Wewe uliwaandikia moto mwingine."

Wakaniachia.

Ghuba: mbaazi za Mwanaisha

Mjomba alikuwa kwenye kiti kile kile cha magurudumu, kimashine mapajani, bomba mkononi. Nilipiga magoti mbele yake kwenye zulia la uwanja, watu wakipita. Nikamsimulia. Nilidhani atanikaripia, maana ni mtu wa kukaripia. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Ilikuwa chini ya miguu yangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akatazama miguu yake, akaivuta nyuma kidogo pamoja na kandambili. Kisha akasema, "Mie nimechonga miti myeupe nikaipaka rangi ya viatu, nikawauzia wazungu nikisema ni mpingo. Si mara moja. Mpingo ukiadimika tulikuwaga tunafanya hivyo, na jioni nakuja nyumbani na samaki, nyie mnakula. Ulikuwa unaniona nikipaka. Ulikuwa unanishikia brashi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Sikukwambia kwamba ni uongo," akasema. "Basi tusilie hapa kama watoto. Nitafutie pa kulala."

Walitupa vocha ya chumba na ndege ya kesho yake asubuhi. Nilichaji pawabenki ya dukani mpaka ikajaa, na sikulala kwa kuigusagusa nione kama ina joto.

Asubuhi, kabla hatujaitwa, Mwanaisha alikuja na kikapu, zamu yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mahamri na mbaazi za nazi. Mjomba akasema, "Haya ni maandazi." Mwanaisha akasema, "Baba, shikamoo, lakini haya si maandazi, ni mahamri." Wakabishana mpaka kikapu kikabaki kitupu, Mjomba akila na kubisha kwa wakati mmoja. Nilipomwuliza Mwanaisha nimlipe nini kwa yote, alikunja uso. Ana mama yake kule Kisauni, Mombasa, mwenye pumu, akasema, na hajamwona kwa muda. Akachukua kikapu chake akaenda.

Hadi Chennai

Sasa kwenye ndege hii walitangaza kwamba pawabenki haziruhusiwi kutumika ndani kabisa. Zikae zimezimwa, pale unapoziona. Na kiti chetu hakikuwa na soketi.

Kabla hatujapaa Mjomba alikuwa amevuta dawa yake getini, nikapiga hesabu kwamba tutafika bila kuhitaji nyingine. Hesabu ilikuwa sawa, kifua hakikuijua. Katikati ya safari akaanza kukohoa, halafu akaacha kukohoa, na hilo ndilo baya. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Akanishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia.

Siku mbili kabla ningechomeka waya chini ya blanketi na nisingemwambia mtu. Nakiri wazo lilinijia. Nikabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

Alikuja dada mmoja wa Kihindi. Nikampa barua ya daktari, kimashine, na pawabenki, lebo juu. Kwa Kiingereza changu nikamwambia tu, mgonjwa, dawa, naomba ruhusa. Akasema haiwezekani. Nikasema, "Tafadhali, soma." Akasoma. Akaishika mkononi kuona kama ina joto, akaigeuza kila upande, akaenda nayo mbele kwa mkuu wake. Nilibaki nahesabu pumzi za Mjomba kwa sauti, yeye akinifuata kwa macho. Nilifika sitini na nne.

Akarudi anatembea upesi. Ndiyo, lakini mezani, wazi, na yeye atasimama hapo hapo. Akasimama kweli, chupa kubwa ya maji mkononi, dakika zote kumi na mbili, macho kwenye ile pawabenki. Mie niliweka kiganja juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa vuguvugu, haikuzidi. Mjomba alipotoa bomba mdomoni, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba dawa ina ladha ya sabuni.

Nikainamisha kichwa kwenye kiti cha mbele nikashukuru kwa lile lalamiko.

Chennai tulikaa wiki tatu. Siku ya kwanza tuligombana na dereva bure, kila tukimwuliza kama anaijua hospitali anatingisha kichwa huku na huku, sie tukaona anakataa, tukashuka garini mara mbili. Kumbe ndiyo yao ile. Mjomba aliupenda mchuzi wao wa dengu, akauchukia uji wao wenye pilipili. Mapafu hayakurudi kuwa ya kijana, bingwa alituambia wazi. Lakini dawa zilibadilishwa, akafundishwa kupumua upya kama mtoto anayefundishwa kutembea, na sasa anapanda ngazi za kanisani bila kukaa. Mmemwona wenyewe. Patasi amempa mwanafunzi wake, na yule mwanafunzi anachonga amefunika pua.

Tandale

Niliporudi sikufungua kibanda changu cha ufundi simu kwa siku nne. Nilikuwa nazitafuta zile tisa. Yombo, Mtoni, Mbagala, Buguruni, moja ilikuwa imefika Sinza kwa mtu wa pili. Wengine walinicheka, wengine walitaka mpya hapo hapo, nikawapa. Moja nilikuta imeshavimba, mwenyewe anaitumia kuegemeza mlango.

Ya mwisho ilikuwa Tandale, kwa mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu sokoni. Anaitumia kwa taa yake ya asubuhi anaposhusha mzigo. Nilimkuta kwake, mchana, anachambua dagaa.

"Siitoi," akasema. "Hii haijanisumbua hata siku moja. Umetuletea nyingine za bei, unataka kunibadilishia kitu kizima."

"Mama, sitaki hela. Hii hapa mpya, ina lebo yake, ichukue."

"Lebo naila?"

Nikakaa chini kwenye mkeka wake bila kukaribishwa. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie hapa, bisibisi, harufu, sanduku la chuma, miguu ya Mjomba. Nikamwuliza huwa anaiweka wapi wakati wa kuichaji. Aliacha dagaa. Akasema kitandani, kwenye mto, pale anapolala mjukuu.

Akainuka, akaingia ndani. Alirudi ameibeba ndani ya sufuria, mikono ameinyoosha mbele, uso ameugeuza pembeni. Akaishusha sufuria katikati yetu.

Nikaitoa. Ilikuwa bapa, baridi, mfuniko umekaa sawa, ukucha haupiti. Akaisogelea akaitazama, kisha akanitazama mie.

"Sasa mbona nzima?"

"Hata ile ya Mjomba," nikamwambia, "asubuhi yake ilikuwa nzima."